Na Kichapwe: Asili ya Neno Imprimatur na Maneno ya Idhini katika Vitabu vya Kiswahili

Katika kanisa la Ngaremara, kaskazini ya mji wa Isiolo kwenye njia iendayo Archer's Post na Marsabit, tulionyeshwa kitabu cha sala cha Kiswahili ambacho jalada lake lilikuwa limekwisha kutoka na kurasa zake kushikizwa kwa uzi. Nyuma ya ukurasa wa kichwa palikuwa na neno moja la Kilatini, Imprimatur, likifuatwa na jina la askofu, mahali na tarehe. Tulimwuliza katekista, mzee aliyekitumia kitabu hicho tangu ujana wake, neno hilo lina maana gani. "Hiyo ni chapa ya Baba Askofu," alijibu. "Ng'ombe asiye na chapa, mwalimu, utajuaje ni wa nani?"

Jibu hilo la mfugaji linastahili kuzingatiwa na mhakiki wa fasihi, na makala haya yanakusudia kulifuata hadi mwisho wake. Ngaremara yenyewe ni mahali pa kufundishia somo la lugha: jina lake ni la Kimaa, ambamo ngare ni maji, wakazi wake wengi ni Waturkana, sala zao zimo katika Kiswahili, na ruhusa ya kuzichapa sala hizo imeandikwa kwa Kilatini, lugha ambayo hapana hata mmoja kati yao aizungumzaye. Ruhusa hiyo basi haikuandikiwa msomaji. Iliandikiwa nani? Na kwa nini Kiswahili, chenye idhini, ruhusa, kibali, ithibati na ijaza, hakikupata nafasi katika ukurasa huo?

Tuanze na sarufi, kwa maana sarufi ya neno hili imesahauliwa hata na wale walitumiao kila siku. Imprimatur si nomino. Ni kitenzi katika hali ya kutendwa, nafsi ya tatu umoja, dhamira tegemezi: "na kichapwe". Kiswahili kinaweza kulitafsiri kwa usahihi ambao Kiingereza hakiuwezi pasipo kutumia maneno kadhaa, kwani tunacho kiambishi cha kutendwa na tunayo irabu e ya mwisho ambayo kazi yake ni hiyohiyo ya kuamuru, kuruhusu na kutakia. Mzizi wake ni premere, yaani kukandamiza au kubana. Imprimere ni kukandamiza juu ya kitu hadi alama ibaki. Hapo ndipo mzee wa Ngaremara anapowatangulia wanakamusi. Neno letu chapa, lililotujia kutoka Bara Hindi, lilikuwa na maana ya alama iliyogandamizwa kabla halijawa na maana ya kazi ya mitambo, na maana hizo mbili zimekaa pamoja hadi leo: tunasema chapa ya bidhaa, chapa ya ng'ombe, na kupiga chapa kitabu. Kwa hiyo askofu aliyeandika imprimatur na mfugaji atiaye ng'ombe wake alama kwa chuma cha moto wanatumia taswira moja. Tofauti ni kwamba mfugaji anajua kuwa chapa yake inataja mwenye mali.

Historia ya amri hiyo inafahamika vyema, nasi tutaipitia kwa haraka. Mashine ya kuchapia ilipoenea Ulaya, Papa Innocent VIII alitoa mwaka 1487 waraka wa kutaka vitabu vikaguliwe kabla ya kuchapwa. Mtaguso wa Tano wa Laterano ulilifanya hilo kuwa sheria ya Kanisa zima mwaka 1515, na ule wa Trento ukalikazia mwaka 1546 kuhusu vitabu vya mambo matakatifu. Taratibu zikapangika katika ngazi. Mkaguzi husoma na kuandika nihil obstat, "hapana kizuizi". Ikiwa mwandishi ni mtawa, mkuu wa shirika lake huandika imprimi potest, "chaweza kuchapwa". Kisha askofu hutamka imprimatur. Ngazi hizi zina mantiki nzuri. Wa kwanza anasema hakuona kosa, wa pili anasema jambo linawezekana, na wa tatu peke yake ndiye anayeamuru liwe. Katika baadhi ya vitabu uliongezwa mstari wa kueleza kwamba waliotoa tamko hilo hawakubaliani kwa lazima na rai za mwandishi. Mstari huo ni muhimu sana kwa hoja yetu. Imprimatur, kwa tafsiri yake ya kisheria, haikudai kwamba kitabu ni kizuri wala kwamba ni cha kweli kila mahali. Ilidai tu kwamba hakina kosa la imani au maadili.

Lakini tamko husomwa kwa macho ya watu, wala si kwa macho ya sheria peke yake. Galileo alipata imprimatur zaidi ya moja kwa kitabu chake cha majadiliano juu ya mifumo miwili ya ulimwengu, kilichotoka Florence mwaka 1632. Mwaka uliofuata akahukumiwa kwa sababu ya kitabu hichohicho. Uingereza, iliyokuwa imejitenga na Roma, haikuiacha desturi ya Roma: utawala ulijitwalia neno lenyewe pamoja na Kilatini chake, na John Milton alipoandika Areopagitica mwaka 1644 kuipinga sheria ya leseni za uchapaji, alikitoa kijitabu hicho bila leseni. Sheria ya aina hiyo iliyofuata, ya mwaka 1662, iliachwa ife mwaka 1695. Miaka minane kabla ya hapo kilikuwa kimetoka kitabu cha Newton, Principia, na katika ukurasa wake wa kichwa limo neno imprimatur pamoja na jina la Samuel Pepys, rais wa Shirika la Kifalme, mtumishi wa serikali katika mambo ya manowari ambaye hakuwa mwanahisabati. Sheria za mwendo wa sayari zilipewa ruhusa na mtu ambaye yamkini hakuzielewa. Hatulisemi hili kwa dhihaka. Tunaonyesha tu kwamba mtoa ruhusa hahitaji kuelewa. Anahitaji kuwa na cheo.

Tukivuka bahari kuja pwani yetu tunakuta utaratibu mwingine kabisa. Utamaduni wa miswada ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu haukujua ruhusa ya kitabu. Mtunzi wa utenzi alianza kwa kumtaja Mungu, akamaliza, mara nyingi, kwa kujitaja mwenyewe na kuomba radhi kwa makosa. Mnakili naye alitia jina lake na tarehe. Hapakuwa na mtu wa tatu. Uthibitisho ulikuwapo, bali ulikuwa wa watu. Mwanachuoni alipokea ijaza kutoka kwa mwalimu wake, yaani idhini ya kukisomesha kitabu fulani, na mwalimu huyo alikuwa ameipokea kwa mwalimu wake, mnyororo ukirudi nyuma hadi kwa mtunzi. Orodha ya ijaza alizokusanya mwanachuoni kwa Kiarabu huitwa thabat, na tunaomba msomaji alikumbuke neno hilo kwa kuwa tutakutana na ndugu yake hapa chini. Ijaza inamwidhinisha msomeshaji. Imprimatur inakiidhinisha kitu. Katika utaratibu wa kwanza kitabu hakiwezi kusema pasipo mtu aliyekabidhiwa. Katika ule wa pili kitabu kinakwenda peke yake popote, nacho kinabeba barua yake ya njia kifuani. Mashine ya kuchapia aliyoileta Seyyid Barghash Unguja katika utawala wake (1870–1888), na zile za wamisionari wa Kianglikana waliokuwa hapohapo kisiwani, ziliziweka taratibu hizi mbili jirani, wala hatujui kazi ya uhakiki iliyoyachunguza makutano hayo kama yanavyostahili.

Sasa tuyatazame maneno yetu wenyewe, kwani hapa ndipo jambo lina utajiri.

Ruhusa ni rukhsa ya wanafikihi: wepesi unaotolewa kwa sababu ya udhuru, kinyume cha hukumu ya asili iliyo nzito. Msafiri ana rukhsa ya kufungua. Mzizi huohuo ndio uliotupa neno rahisi. Kwa hiyo anayeomba ruhusa anakiri kwamba asili ya jambo ni katazo, na kwamba analegezewa. Idhini inatokana na mzizi mwingine, ule wa adhana na muadhini, ambao katika Kiarabu ndio pia mzizi wa neno sikio. Mwenye kuidhinisha ni mwenye kutega sikio, ametuskia, akakubali. Kibali ni cha kukubali, yaani kupokea, na katika Kiswahili cha Biblia na cha sala kimepata maana ya upendeleo: mtu hupata kibali mbele ya Mungu au machoni pa mfalme. Hapana Mswahili anayekwenda ofisini kuomba kibali ambaye hahisi, walau kidogo, kwamba anaomba kupendwa. Haya matatu yote yanaelekeza macho kwa mtoaji: ulegezaji wake, sikio lake, upendeleo wake.

Ithibati ni ya namna nyingine. Mzizi wake ni ule wa thabiti na thibitisha, na ule wa thabat tuliyoitaja. Kiarabu ithbat ni kuthibitisha jambo kwa hoja au kwa ushahidi. Neno hili halimtaji mtoaji. Linasema kwamba kitu chenyewe ni imara, kimepimwa kikasimama. Anayetoa ithibati hatoi ruhusa, anatangaza matokeo.

Basi si jambo dogo kwamba katika matumizi ya kiofisi nchi mbili jirani zimechagua maneno mawili tofauti. Nchini Kenya, kitabu cha shule aghalabu husemwa kuwa kimeidhinishwa: zamani na Taasisi ya Elimu ya Kenya, na tangu mwaka 2013 na taasisi iliyoirithi, ya Ukuzaji wa Mitaala. Tanzania husema ithibati. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, hutoa ithibati ya lugha; na kamati iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1990 kukagua vifaa vya elimu, ikavunjwa mwaka 2013, ilitoa vyeti vya ithibati. Neno hilo limezidi kupanuka. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 imeunda Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, na kwa hatua hiyo neno limehama kutoka kitu hadi mtu, kana kwamba limerudi nyumbani kwenye ijaza. Lakini ijaza ilitolewa na mwalimu aliyemfundisha mwanafunzi uso kwa uso, nayo bodi haimfundishi mtu.

Wako watakaosema kwamba hii ni tofauti ya mazoea tu, na kwamba afisa wa Nairobi na wa Dar es Salaam wanafanya kazi ileile. Tunakubali kwamba kazi ni ileile. Na hiyo ndiyo hoja yetu. Anayesema "nimekiidhinisha" anaacha wazi mlango wa kuulizwa: wewe ni nani, na kwa nini? Anayesema "kimepata ithibati" amekwisha kuufunga, kwa sababu amejiondoa katika sentensi. Ithibati ni idhini iliyovaa kanzu ya ushahidi. Kwa mtazamo wetu, neno la Kenya ni nyonge zaidi na la kweli zaidi.

Chanzo cha utaratibu wenyewe ni kimoja kwa nchi zote mbili. Mkutano wa Mombasa wa Juni 1928, uliohudhuriwa na Carl Meinhof, ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa lugha sanifu, na tarehe 1 Januari 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki, Frederick Johnson akiwa katibu wake wa kwanza. Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja ziliwakilishwa. Waafrika, katika miaka ya mwanzo, hawakuwamo. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kukagua na kusahihisha Kiswahili cha vitabu vya shule na vya kawaida kabla havijachapwa. Ofisi yake ilihama Dar es Salaam ikaenda Nairobi mwaka 1942, kisha Makerere mwaka 1952, ikapitia Mombasa na kurudi Dar es Salaam, ambako mwaka 1964 ikageuka kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu. Kamusi zake za mwaka 1939 zingali zikitumika.

Tamko la Kamati lilihusu lugha tu. Kama vile askofu alivyosema hapana kosa la imani, Kamati ilisema hapana kosa la tahajia, sarufi wala msamiati. Lakini kitabu kisichokuwa na tamko hilo kingeuzwa wapi, iwapo mnunuzi mkubwa wa vitabu vya Kiswahili alikuwa shule, na shule zilikuwa chini ya wakurugenzi wa elimu ambao wenyewe walikaa katika Kamati? Kukagua lugha kukawa kukagua kitabu. Na lugha yenyewe haikuwa jambo lisilo na upande. Mwandishi wa Mombasa au wa Lamu aliyetunga kwa lahaja ambayo kwayo tenzi zilikuwa zimeandikwa kwa karne mbili alikutwa na makosa katika lugha ya mama yake. Malalamiko juu ya jambo hili yalichelewa kuandikwa, bali yalipoandikwa yaliandikwa kwa uchungu: tazama Historia ya Kiswahili ya Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala, na kile kitabu cha Abdallah Khalid juu ya kukikomboa Kiswahili kutoka mikono ya Wazungu, vyote viwili vya mwaka 1977. Khalid anakwenda mbali kuliko tunavyoweza kumfuata, lakini swali lake halijajibiwa.

Kwa mhakiki, hatari iko hapa. Tumezoea kuisoma nathari ya Kiswahili ya kati ya 1930 na 1960 kana kwamba ndiyo iliyoandikwa, ilhali ni ile iliyopita. Uhuru wa Watumwa wa James Mbotela, uliotoka mwaka 1934, husomwa kama ushahidi wa namna wazao wa watumwa wa Frere Town walivyowaona Waingereza waliowaokoa. Yawezekana ni hivyo. Lakini kabla ya kusema kwamba hayo ndiyo yaliyokuwa mawazo ya watu, yatupasa tuulize ni masimulizi gani mengine ya utumwa yangeweza kufika kwa mchapaji katika mwaka huo. Shaaban Robert naye aliandika Kufikirika katika miaka ya 1940, na kitabu hakikutoka hadi mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufa kwake. Kusadikika, hadithi ya mtu anayeshtakiwa kwa kufundisha sheria, kilitoka mwaka 1951 chini ya utawala wa kikoloni. Wahakiki wengi wamelieleza fumbo la nchi hizo za kubuni kuwa ni mbinu ya kumkwepa mkaguzi. Sisi tungeongeza kwamba mkaguzi wa lugha ni msomaji wa pekee: anasoma kila neno, na huenda asisome habari. Mwandishi aliyekimudu Kiswahili sanifu kuliko wakaguzi wake alikuwa amejipatia njia pana ya kupita.

Kuna mfano wa upande wa pili. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya kijikaratasi Kenya: Twendapi?, akatunga gerezani mashairi yaliyochapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mashairi hayo yametungwa kwa Kimvita. Hayakuombewa ruhusa yalipotungwa wala lugha yake haikuwa ile iliyokubaliwa mwaka 1928. Na mwaka 1974 yakatunukiwa tuzo ya fasihi iliyoitwa kwa jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi. Tuzo nayo ni namna ya idhini, ila inakuja nyuma ya kitabu badala ya mbele yake.

Ni lazima pia tutofautishe kitabu na jukwaa. Kenya huru haikuwa na sheria ya kukagua kila kitabu kabla ya kuchapwa. Ilivipiga marufuku vilivyoikera vilipokwisha kutoka. Mchezo wa kuigiza, kinyume chake, ulihitaji leseni kabla. Ndiyo maana Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩrĩĩ ilinyang'anywa leseni huko Kamĩrĩĩthũ mwezi wa Novemba 1977, na matini yake ikachapishwa mwaka 1980 na kutafsiriwa kwa Kiswahili miaka miwili baadaye. Neno leseni, tofauti na yale manne ya Kiarabu, halijapata mizizi katika lugha ya hisia. Hatumwombi Mungu leseni.

Turudi Ngaremara. Sheria ya Kanisa imelegea tangu kitabu kile kilipochapwa: orodha ya vitabu vilivyokatazwa ilipoteza nguvu ya sheria mwaka 1966, na agizo la mwaka 1975 pamoja na Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 vilipunguza aina za vitabu vinavyodai ruhusa. Maandiko Matakatifu, katekisimu na vitabu vya sala vimebaki. Isiolo yenyewe, iliyokuwa sehemu ya Jimbo la Meru, ilifanywa vikarieti mwaka 1995 na jimbo kamili mwaka 2023. Kwa hiyo sala za Kiturkana zikihitaji kuchapwa kwa ajili ya watu wa Ngaremara, askofu wa kuandika neno lile yupo karibu, katika mji uleule.

Tulimwuliza mzee, kabla ya kuondoka, kama angependa neno hilo liandikwe kwa Kiswahili ili kila mtu alielewe. Alifikiri. Akasema Kilatini si kitu, ila yeye angetaka chini ya jina la askofu paandikwe pia jina la yule aliyezitia sala katika Kiswahili, maana amezisali miaka yote hiyo na hamjui. Tulikipekua kitabu chote, kurasa za mbele na za nyuma. Jina hilo halikuwamo.